Saini Niliyomwekea Marehemu

Saa moja na dakika ishirini na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, nilichukua kalamu ya bluu iliyofungwa kwa uzi kwenye meza ya mwalimu mkuu, nikaandika jina la mwenzangu katika kitabu cha mahudhurio, nikajaza saa ya kufika, kisha nikaweka saini yake. Niliiweka vizuri, maana nilikuwa nimeizoea. Wakati ule mwenzangu alikuwa amekwisha kufa majini, yapata saa nzima iliyopita.

Ndugu zangu, mmeniita nieleze habari za leseni za walimu na kanuni mpya za nidhamu, kwa sababu wengi wenu humu mna fomu mikononi na hamjui mjaze nini. Nitaeleza. Lakini siwezi kuanzia kwenye fomu. Nitaanzia kwenye ile saini, na sitamtaja mtu yeyote kwa jina, hata huyo aliyefariki, maana ana watoto na wanasoma hapa hapa mjini. Mnisamehe kwa kusoma kwenye daftari. Mambo haya nikiyasema bila kusoma, huwa naruka sehemu zinazonihusu mimi.

Shule yetu ilikuwa kusini, kando ya ziwa, mahali ambapo mvua zikikolea barabara hukatika na njia ya uhakika inabaki boti. Boti huondoka saa kumi na moja alfajiri na kushusha abiria Katonga, mwaloni kule mjini. Anayekwenda benki, hospitali, au ofisini kuchukua karatasi za mitihani, lazima apande hiyo, na atarudi kesho yake. Tulikuwa walimu watano, na wa sita mwalimu mkuu.

Kanuni ilisema mwalimu akitumwa nje ya kituo apewe ruhusa ya maandishi na posho ya safari. Posho haikuwepo. Mwalimu mkuu akiandika ruhusa, ataulizwa kwa nini hajalipa posho. Kwa hiyo hakuandika. Alisema kwa mdomo tu, "Kesho nenda wewe," na sisi tuliobaki tulimshikia kalamu. Ndivyo tulivyoita. Kumshikia mtu kalamu ni kumsainia kabla mwalimu mkuu hajapiga mstari mwekundu saa moja na nusu. Tulipokezana. Nawaambieni kweli, hatukuona kuwa ni uongo. Tuliona ni ujirani. Aliwahi kuhamia kwetu mwalimu kijana aliyekataa kushika kalamu ya mwenzake, na tulimnunia muhula mzima mpaka akaomba uhamisho.

Jumatatu mchana mwenzangu aliambiwa aende mjini kuchukua karatasi za mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Nilikuwepo. Aliponipita mlangoni akanishika bega.

"Kaka, safari hii saini yangu uifanye ya heshima. Wiki ile ulinifanya nionekane mtu aliyeishia darasa la pili."

"Nitakuwekea na mkia," nikamjibu.

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Habari ilifika wakati wa mapumziko. Boti ilikuwa imebeba madumu ya mawese na magunia ya dagaa kupita kiasi, upepo ukaipiga ubavuni, ikageuka. Waliopona wengi ni wale walioshika madumu. Mwenzangu alizaliwa huko juu milimani na hakujua kuogelea. Alipatikana Alhamisi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomtambua, na hapo sitaongeza neno.

Lakini narudi nyuma, ile Jumanne saa sita mchana. Mwalimu mkuu alituita sisi wanne ofisini, akafunga mlango, akaweka kitabu cha mahudhurio juu ya meza. Saini ilikuwa pale, juu ya mstari mwekundu.

"Nani amemshikia?" akauliza, ingawa asubuhi ile alinikuta nimesimama na kalamu.

"Ni mimi, mkuu."

Akakifunga kitabu. Kisha akasema, "Mimi sikumtuma mtu. Ninyi hamkusaini. Kitabu kibaki kama kilivyo."

Mwalimu wa kike aliyekuwa nasi akasema, "Mkuu, lakini mtu amekufa."

"Ndiyo maana! Aliyekufa hafukuzwi kazi. Sisi tuna watoto."

Ndugu zangu, nilikuwa na watoto watatu. Niliitikia kwa kichwa. Nataka mjue kwamba hakuna aliyenishika koo.

Baada ya msiba, mjane alianza kufuatilia haki zake. Mafao ya kawaida hayakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa kwenye fidia ya mtumishi aliyefia kazini, ambayo ndiyo ingewalea watoto. Ofisi ilimjibu kwamba mumewe hakuwa kazini. Kitabu kinaonyesha alifika shuleni saa moja na dakika ishirini na mbili, maana yake aliondoka baadaye bila ruhusa kwa shughuli zake, akapanda boti. Mjane akawaambia boti ilizama kabla ya saa hiyo. Wakamjibu kwamba taarifa ya ajali imeandika "asubuhi" tu. Saa anazotaja yeye, hata ile ya boti kuondoka, ni maneno ya wavuvi, na kitabu ni waraka wa serikali.

Akaja kwangu. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokuwa akikalia mumewe, akakataa chai.

"Shemeji, mume wangu alitoka nyumbani bado kuna giza. Mimi ndiye niliyemfungia mlango. Nani alisaini?"

Nikamjibu neno moja. "Sijui."

"Haya," akasema, akavaa kandambili zake, akaondoka. Jioni ile mke wangu aliniwekea chakula bila kusema kitu, na mke wangu ni mtu wa kusema.

Miezi kumi na minne ikapita hivyo. Mjane alihamia Ujiji, akapanga chumba kimoja na watoto wanne, akawa anakaanga maandazi. Mimi niliendelea kufundisha. Na hapa niseme jambo la aibu zaidi: katika miezi hiyo nilikuwa mtu wa haki. Zilikuja rasimu za kanuni mpya, kwamba kila mwalimu awe na leseni, na kwamba leseni inaweza kusitishwa au kufutwa kwa makosa ya kitaaluma. Walimu walishikwa na hofu. Rasimu ilikuwa ya Kiingereza cha mahakamani. Mimi sikufika mbali shuleni. Nilisomea ualimu wa cheti tu, mengine nimejifunza mwenyewe kwa kamusi na subira. Nilitoa nakala ya ile rasimu, nikaifasiri ibara moja kila siku. Niliona kasoro nyingi. Shauri halikuwekewa kikomo, kwa hiyo mwalimu angeweza kusimamishwa miaka. Kosa la kuchelewa na kosa la kumdhuru mtoto yaliandikwa karibu karibu kama ndugu. Hakuna mahali palipotaja shule zisizofikika kwa barabara. Walimu wakaanza kuniita mwanasheria, nami nikapenda.

Katikati ya hayo zikaja fomu za leseni, hizi mlizoshika. Kuna kipengele kinachouliza kama umewahi kughushi au kubadili kumbukumbu za shule. Niliweka alama kwenye "Hapana". Niliiweka vizuri, kama ile saini. Ndipo nilipoanza kujiogopa.

Kisha ukaitishwa mkutano wa kukusanya maoni mjini, katika ukumbi mmoja. Maofisa walikaa mbele, walimu tukajaa mpaka mlangoni. Nilisimama na karatasi zangu, nikasema kwa dakika kumi. Nilisema mwalimu hawezi kuhukumiwa kwa lugha asiyoielewa. Nilisema nidhamu isiwe panga linalokata upande wa wadogo tu. Walipiga makofi. Nikaketi. Jirani yangu akaninong'oneza, "Leo umewakomesha."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine. Mkono ukainuka kule nyuma. Alikuwa yule mjane. Sikujua kama alikuwamo.

"Mimi si mwalimu," akasema. "Nilikuwa mke wa mwalimu. Nimekuja kwa sababu nimesikia leo mnazungumza nidhamu." Akainua karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii ni nakala ya kitabu cha mahudhurio. Boti ilizama jua halijachomoza vizuri. Kitabu kinasema saa moja na dakika ishirini na mbili mume wangu alisaini. Naomba mnaojua kanuni mniambie, maiti inaweza kusaini?"

Ndugu zangu, watu walicheka. Si kwa ubaya. Ni ule mcheko unaomtoka mtu asiyejua afanye nini. Yeye hakucheka. Mwenyekiti akasema hilo ni shauri binafsi, alipeleke ofisi husika.

"Nimekwisha kwenda ofisi husika," akasema. "Nimekwenda mara saba. Ninachouliza ni kidogo. Humu ndani mmejaa walimu. Hakuna anayejua?"

Mwalimu wangu mkuu alikuwa safu ya tatu. Alikuwa akisoma ratiba ya mkutano, ambayo ilikuwa na mistari minne. Mwalimu wa kike wa shule yetu alikuwa amefunika uso kwa ncha ya mtandio. Hakuna aliyenitazama. Hilo mlielewe vizuri. Hakuna aliyekuwa ananishuku. Ningeweza kukaa kimya mpaka kustaafu.

Nilisimama. Sikuwa nimeamua; nilijikuta nimesimama, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama ikabidi niseme.

"Ni mimi niliyesaini. Marehemu alitumwa kuchukua mitihani. Tulikuwa tunashikiana kalamu, shule nzima."

Mjane akakunja karatasi yake, mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne. Akasema, "Uliniambia hujui."

"Niliogopa, shemeji."

"Na mimi niliogopa," akasema, akatoka.

Wiki mbili baadaye nilipata barua ya kusimamishwa kazi na hati yenye mashtaka mawili: kughushi kumbukumbu za shule, na kutoa taarifa ya uongo katika fomu ya leseni. Nikapewa siku kumi na nne za kujibu. Na hapa ndipo penye njia panda yenyewe, maana kusema ukumbini ni jambo moja, kuandika ni jambo jingine. Rafiki yangu mmoja anayejua mambo ya mashauri alinijia nyumbani.

"Kana mashtaka," akasema. "Ulisema ukumbini kwa jazba. Saini haijapimwa na mtaalamu. Ukikana kwa maandishi hawana kitu, na mkuu wako hawezi kukusaliti, maana na yeye ataungua."

"Na fidia ya mjane?"

"Fidia inahitaji maandishi yako. Usipoandika, haipo. Lakini kaka, wewe unamlisha nani, mjane au wanao?"

Nilikaa na swali hilo siku kumi na tatu. Mke wangu aliniuliza jambo moja tu: "Ukikana, utaendelea kupita njia ya Ujiji, au tutazunguka?" Siku ya kumi na nne niliandika kurasa sita. Niliandika nani alitumwa, kufanya nini, na nani alimtuma. Niliandika siku zote nilizokumbuka kushika kalamu na siku zote nilizoshikiwa. Nakala moja nikaipeleka kwa mjane. Aliipokea kwa mikono miwili iliyojaa unga, akaiweka juu ya kabati, akaniambia, "Sijakusamehe. Lakini asante kwa kuandika."

Shauri langu lilisikilizwa kwa muda wa chai. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza, "Unakubali au unakataa?"

"Nakubali, mheshimiwa, lakini naomba kueleza desturi ya..."

"Nimekuuliza unakubali au unakataa."

Nikafukuzwa kazi. Mwalimu wa kike aliandika ushahidi wake naye, bila kuombwa na mtu, akapewa onyo kali. Mwalimu mkuu alipewa karipio na kuhamishiwa shule iliyo karibu na lami. Mpaka leo sijaelewa kama hiyo ilikuwa adhabu.

Sitawadanganya kwamba ukweli ulinilisha. Mwanangu wa kwanza aliacha kidato cha tatu kwa muhula mzima. Mama yangu alifariki katika kipindi hicho, na aliyenunua sanda ni jirani. Nilipata kazi Katonga ya kuanika na kugeuza dagaa kwa mama mmoja mfanyabiashara. Wanawake wa pale hawana huruma ya bure; hata salamu yao ya asubuhi ilikuja na utani.

"Mwakeye, mwalimu! Leo dagaa wanaandika imla?"

"Wape jaribio, mwalimu. Atakayefeli tumkaange!"

Mwanzoni nilikasirika. Baadaye niligundua kwamba wao ndio watu pekee walioendelea kuniita mwalimu.

Mama yule alikuwa na mjomba wake, karani mstaafu wa mahakama, anakaa Ujiji. Akanipeleka kwake. Mzee alisoma rasimu yangu ya rufaa akiwa amevua miwani, jambo lililonitia wasiwasi.

"Hiki ni kilio," akasema. "Kilio hupelekwa msibani. Rufaa inataka ibara gani, ukurasa gani, na unaomba nini. Unataka kurudishwa kwa sababu hukukosa?"

"Hapana, mzee. Nilikosa."

"Basi unaomba nini?"

Nilichukua majuma matatu kupata jibu. Niliomba adhabu ilingane na kosa. Niliandika kwamba nilighushi, kwamba nilisema uongo kwenye fomu, na kwamba kwa hayo nastahili kuadhibiwa. Kisha nikaonyesha, kwa ibara, kwamba kamati haikunisikiliza juu ya mazingira ya kosa, na kwamba aliyeagiza na aliyetii wamehukumiwa kinyumenyume.

Jibu lilichukua miezi minane. Kufukuzwa kulifutwa. Nilishushwa cheo, sikulipwa mshahara wa kipindi chote nilichokuwa nje, na leseni yangu ikawekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Tangu siku niliyosimamishwa mpaka siku niliyoshika tena chaki, katika shule ya Bangwe ninakofundisha sasa, ni miezi ishirini na sita. Walimu wawili pale hawanisalimu. Wanasema niliwachoma wenzangu. Sibishani nao.

Sasa nije kwenye fomu zenu. Kanuni zilizopitishwa si zote nilizozitaka, lakini zina mambo matatu ya kuyashika. Mashauri yana kikomo. Unaweza kuomba usomewe mashtaka kwa Kiswahili. Na leseni inaweza kusitishwa kwa muda bila kufutwa, kwa hiyo kosa si lazima liwe mwisho wa kazi. Sisemi ni kwa sababu ya maneno yangu. Wengi walitoa maoni. Halmashauri yetu imeongeza daftari la safari katika shule za kando ya ziwa. Anayetumwa anaandikwa kabla ya kuondoka, mwalimu mkuu anasaini, hata kama posho haipo. Naona mmoja pale anatabasamu. Najua. Najua pia kwamba zipo shule daftari hilo limefungiwa kabatini na kalamu bado zinashikwa. Nawaomba, ndugu zangu, kalitoeni kesho. Ukitumwa, omba maandishi. Ukinyimwa, usipande boti. Na kwenye kile kipengele cha fomu, kama umewahi kushika kalamu ya mwenzako, andika ndiyo, na ueleze. Kwa miaka mingi nililaumu kanuni mbaya, na kweli zilikuwa mbaya. Lakini si kanuni iliyomjibu mjane "sijui".

Namshukuru mke wangu, ambaye alilima muhogo wa watu kwa kibarua na hakuniuliza hata mara moja kama najuta. Namshukuru mama wa Katonga, na yule karani aliyenifundisha tofauti ya kilio na hoja. Namshukuru mwalimu mwenzangu wa kike, aliyeandika ushahidi wake bila kuambiwa. Na namshukuru mjane, aliyeniruhusu kusema haya leo. Nilipomwomba ruhusa aliniambia, "Sema yote. Usijipambe."

Kwa hiyo nimalizie na jambo ambalo ningependa kuliacha. Mnaniuliza nilipoteza kiasi gani, mishahara, cheo na mengine. Hesabu hiyo ninayo, lakini ni yangu, na niliyataka mwenyewe. Ipo hasara nyingine. Fidia ya mjane ililipwa, na watoto wanasoma. Lakini ilichelewa miezi kumi na minne ya kimya changu, na katika mwezi wa kumi na moja wa kimya hicho aliuza kiwanja ambapo mumewe alikwisha kuweka msingi wa nyumba na kuzika mtoto wao wa kwanza pembeni. Alipopata fidia alimfuata mnunuzi akamsihi amrudishie, hata kwa bei ya juu. Mnunuzi alikuwa amekwisha kusawazisha ardhi na kujenga. Hakuna kanuni itakayokirudisha, na mimi sina uwezo wa kukirudisha. Kiwanja kile kiliuzwa kwa shilingi milioni moja na laki nane.